Ilish Zimekwisha, Ingia Kwenye Simu

Saa mbili asubuhi, mvua inayapiga mabati ya soko la Baghajatin, Kolkata, na Nibaran Malo amechuchumaa kwenye meza yake, unyayo umekanyaga ubao wa kisu kilichosimama wima. Anamsukuma ilish kwenye makali, samaki anagawanyika kama aliyekubali mwenyewe.

"Usiniulize habari za mpira leo," ananguruma kabla hajaulizwa. "Nikianza nitakata kidole."

Anaanza.

Nibaran, mwenye umri wa miaka 61, ni shabiki wa Purbashree, timu ya watu ambao wazee wao walivuka mpaka kutoka mashariki na vyungu vyao kichwani. Ilish ndiye samaki wao. Mahasimu wao, Gangapar, ni walaji wa kamba wa majini. Purbashree ikishinda, bei ya ilish hupanda kabla refa hajairudisha filimbi mfukoni. Mwaka waliposhinda mabao matano, paka wa soko hili walivimbiwa hata panya wakafanya harusi mchana kweupe. Nibaran anaapa alialikwa.

Tangu abebwe mabegani na baba yake, hajakosa pambano la timu hizo mbili. Huenda na jozi ya ilish wamening'inizwa kwenye mwanzi, akaketi kwenye ngazi za saruji zisizo na paa, akaimba mpaka sauti imkimbie. Jumapili hii, kwa mara ya kwanza, hana tiketi.

Si kwamba alilala. Yeye na wenzake walikwenda kupanga foleni kwenye dirisha la klabu, kama walivyozoea, na mwavuli mmoja kwa watu wanne. Walikuta dirisha limepigiliwa mbao na bango juu yake: Nunua kwa simu.

"Simu yangu ina vitufe," anasema. "Inapiga, inapokea, basi. Nikampigia binti yangu Bangalore. Kakesha na foleni ya kwenye kioo, mwisho kaambiwa zimekwisha. Zimekwisha vipi? Jioni yake muuza chai wa getini anazo bunda zima, kazifunga kwa mpira kama mchicha!"

Tiketi ya ngazi za saruji ilikuwa rupia mia moja. Klabu imeipandisha hadi mia tano, na kwa muuza chai ni elfu mbili. Siku ya kawaida Nibaran anabaki na rupia mia saba, kama barafu haikupanda.

"Hawatutaki," anasema, na kichwa cha samaki kinaanguka. "Wanataka kelele zetu kwenye televisheni, sisi wenyewe wanasema tunanuka."

"Mnanuka kweli!" anadakia Shefali Ghorui, muuza kamba wa meza ya pili na mtani wake wa miaka yote. "Ila safari hii hata sisi wa Gangapar tumefungiwa. Mume wangu amenuna, chakula hali. Nimefurahi siku moja tu, sasa nachoka."

Hapo ndipo anapoingia Manotosh Sarbadhikari, mjumbe wa kamati ya Purbashree, suruali imekunjwa asikanyage tope. Anataka ilish kumi wanene kwa karamu ya wageni wa heshima Jumapili.

Nibaran anawatazama ilish waliolala mbele yake, wanang'aa kama sarafu mpya.

"Zimekwisha, bwana mkubwa."

"Zimekwisha? Si hizi hapa?"

"Hizo unaziona wewe. Ingia kwenye simu."

Soko zima linaangua kicheko. Manotosh hacheki. Anamsogelea, anachomoa kadi ya dhahabu mfukoni. "Mzee Nibaran, acha utoto. Nipe hao kumi kwa bei yako, na hii pasi chukua. Kiti chenye paa."

Kicheko kinakatika. Nibaran anaitazama kadi. Mkono wake, wenye magamba hadi kiwiko, unainuka kidogo. Wenzake wa foleni ya mwavuli, wote wauza samaki, wanajifanya wanapanga barafu.

"Ngapi unazo?" anauliza.

"Hii moja tu."

"Na wale je?"

"Wale siwajui."

"Basi na mimi hunijui." Anaurudisha mkono kwenye samaki. "Nenda kale karamu ya dengu."

Manotosh, uso umemwiva, anageukia meza ya pili. Shefali anatupa gunia lililolowa juu ya kamba wake. "Usinitazame mimi, kaka. Hapa mtandao unasumbua."

Manotosh akiisha kuondoka, hakuna anayeshangilia. Ilish kumi wanene hawanunuliwi kila siku, na barafu inayeyuka. Nibaran anamkemea nzi asiyekuwepo.

Kisha anachagua jozi iliyonona kuliko zote, anaifunga uzi wa katani puani, anaitundika kwenye mwanzi wake. Shefali anamtazama, anachagua kamba wakubwa, anawafunga upande wa pili wa mwanzi uleule. Jambo hilo soko hili halijaliona.

Jumapili wataupeleka mwanzi huo mbele ya lile dirisha, foleni mbili nyuma yake, ya Purbashree na ya Gangapar, na hawataondoka.

"Mbao zile nitazing'oa kwa mdomo wangu kama sina budi," anasema Nibaran. "Wafungue dirisha, watuuzie kwa bei ya mtu anayefanya kazi. Tuingie, kila mtu aende ngazi za upande wake, tutukanane kama watu wenye adabu."