Manyoya kwenye Mswala wa Mama

Asikudanganye mtu kwamba manyoya ya mbwa huisha. Hayaishi. Unafagia asubuhi, adhuhuri yapo. Unakung'uta mashuka, unayakuta kwenye chai. Nayajua mimi, niliyeishi nayo ndani ya karavani miezi mitatu nikiwa na miaka kumi na tisa, papa hapa London, na nusura yanitie wazimu.

Ilikuwa miaka ile Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tukimiminika Uingereza na masanduku yetu. Sisi tulitoka Unguja, baba, mama na mimi, na nyumbani kwetu tulicheka kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili. Tulifikia mtaa wa Walthamstow kwa ami yangu, watu kumi na mmoja kwenye vyumba viwili, mpaka mkewe akawa anabamiza masufuria makusudi tusikie. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulishapitisha ya arubaini. Basi baba akapata kazi kwa mzee wa Kizungu aliyekuwa akiuza mapazia sokoni. Mzee hatulii: leo katandaza meza Walthamstow, kesho kutwa yuko upande wa Stanmore, Jumamosi kwengine. Nyuma ya gari lake la mizigo alikokota karavani, kijumba cha magurudumu, na akatwambia tukae humo bure, yeye atalala garini. Sharti lake moja tu. Mbwa wake alilala humo tangu mdogo, na ataendelea kulala humo.

Mbwa mwenyewe jitu zima, mweupe wa kuelekea njano, kila akijikuna anapukutika kama mkeka uliofumuka. Na sisi Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Kwetu mbwa ni najisi nzito: akikugusa na umajimaji, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mama akaingia siku ya kwanza, akatazama chini, akapanda kitandani na kukunja miguu. "Hapa pana manyoya kila pahala," akasema. "Swala haiswihi." Akaacha kuswali.

Mama yangu! Mwanamke ambaye alfajiri ikimpita alikuwa akilia kama aliyefiwa. Sasa wakati wa swala unaingia, yeye anatazama dirisha. Kula kwake vijiko viwili. Baba alikuwa akiswali nyuma ya gari, juu ya boksi la mapazia alilolikunjua, na kila jioni akirudi, kabla hajavua viatu, ananiuliza, "Mama yako ameswali?"

"Bado, baba. Manyoya."

"Fanya utakavyofanya, mwanangu. Mama yako akiacha swala, tumempoteza."

Nikafanya. Nilichimba udongo kwenye bustani za watu kwa kijiko, nikauchekecha, nikaukoroga kwenye ndoo. Nikaosha zulia mara saba, la kwanza kwa udongo, sita kwa maji niliyoyabeba kutoka bomba la mbali. Jua lenyewe la Uingereza mnalijua. Zulia halikauki, udongo umegeuka tope, manyoya yameganda ndani ya tope, na mbwa akirudi matembezini anajilaza hapo hapo kwenye majimaji, raha mustarehe. Basi naanza tena. Vidole vikapasuka vikatoka damu. Na siku za kuhama ndizo mbaya kabisa, kwa sababu sisi tulipanda garini mbele na mzee, karavani linarukaruka nyuma, na tukifika nikifungua mlango, manyoya yaliyojificha miaka yote chini ya makochi yametoka yote yamekaa juu ya vitanda, juu ya sahani, juu ya mswala wa mama niliouweka juu kabisa kabatini.

Siku moja nilimshika mbwa masikio nikamwambia, "Wallahi nitakunyoa!" Akanitazama, akatikisa mkia, mengine yakaanguka. Usiku ule nikamuomba Mungu mbwa afe. Toba! Kiumbe hakunikosea kitu. Lakini nilikuwa nimefika mwisho, nikimtazama mama anavyokonda, mifupa ya shingo imetokeza, hasemi na mtu, nami nikiamini kwamba kinachomuua ni uvivu wangu wa kufagia.

Mzee ndiye aliyenionea huruma. Alinikuta nimepiga magoti kwenye tope langu nalia, akauliza hasa nafanya nini. Nikamwambia nasafisha manyoya. Akacheka, si kwa ubaya. Akaenda garini akaleta glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, akavaa, akasugua kochi lililokuwa kavu, akivuta mkono upande mmoja tu, kuelekea kwake. Manyoya yakajikunja yakawa donge. Akaniambia maji ndiyo adui, yanayagandisha. Ngoja pakauke kwanza, halafu sugua.

Pakauke! Nilijipiga kofi la uso. Kavu kwa kavu hakunajisishi. Hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua hilo: unyoya mkavu kwenye zulia kavu unaupangusa, basi, unaswali. Kumbe maji yangu ndiyo yaliyokuwa yakieneza najisi miezi mitatu!

Tukangoja siku mbili za upepo, milango wazi. Siku ya tatu nikamfunga mbwa nje, nikasugua zulia, makochi, mapazia, mpaka pembe za kabati. Nikakagua kwa tochi. Nikautandika mswala, nikauelekeza kibla.

"Mama, njoo. Hapana hata unyoya mmoja. Na kavu kwa kavu hakunajisishi."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Watoto wa mtaa mzima nimewafundisha mimi twahara, na wewe ukiwemo. Nitalisahau hilo?" Hakunitazama. "Si manyoya, mwanangu. Nilimuomba Mungu kitu kimoja tu. Anibakishie mama yangu mpaka nimlete huku."

Bibi alikufa Unguja wiki ya pili tulipofika London. Barua ilitukuta kwa ami. Mama aliisoma, akaikunja, akarudi kuosha mchele. Hakulia, nasi tukasema mashaallah, ana subira. Mimi mjinga sikuunganisha.

"Sasa nikisimama hapo nitamwambia nini Mungu?" akasema. "Nina hasira naye. Naogopa nilivyo na hasira. Usimwambie baba yako, hatalimudu hili."

Nilitaka kupiga kelele, mikono yangu hii, mama, tazama mikono yangu! Nikakaa kitandani kando yake. Akaichukua mikono yangu mwenyewe akaipakata, na hapo ndipo alipolia, kilio alichokizuia tangu barua ile, mdomo kaufunga kwa kanga asisikike nje. Nilimshika mpaka akanyamaza. Sikumwambia aswali.

Magharibi baba akaja. Akaketi mlangoni, akavua kiatu kimoja.

"Mama yako ameswali?"

Zulia liko safi kama la dukani, mswala umetandikwa, mbwa yuko nje anabweka.

"Bado, baba," nikasema. "Manyoya."

Baba akalitazama zulia kitambo. Akamtazama mama macho yake yalivyovimba. Akavua kiatu cha pili, na tangu siku ile hakuniuliza tena.