Simu Niliyoiamsha

Mtanicheka, na ni haki yenu. Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen. Mzee Barisa, mfugaji, aliniletea simu iliyogoma kuwaka baada ya mpwawe kuiruti, yaani kuvunja kufuli ilizotoka nazo kiwandani. Ili nisisumbuliwe, nikazima yangu ya aina hiyohiyo, yenye picha zote za harusi yangu, nikaiweka kando yake. Nikaanza kutamba.

"Mzee, simu hata iwe maiti, kwangu huamka!"

Nikafuta kila kitu, nikaweka mfumo mpya, ikawaka. Nikamkabidhi kwa mbwembwe.

Akaigeuza, akanirudishia.

"Hii ya mtu, mwanangu. Yangu nimeichora mgongoni alama ya ng'ombe wangu. Ile pale, bado imelala."

Nikaigeuza mwenyewe: mgongo mtupu, bila alama yoyote.

"Na mwenye hii," akauliza kwa huruma, "anajua umemfutia vitu vyake?"