Benchi la Nje kwa Wakili

Kwa miaka kumi na mmoja, nje ya ofisi ya wakili mmoja palikuwa na benchi la mbao la mita mbili, mguu mmoja umetiwa kabari ya kadibodi. Liliachwa na mpangaji aliyetangulia, na hakuna aliyelifikiria mpaka siku lilipoondolewa.

Wakili ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye sauti ya chini inayomlazimu hakimu kuacha kuandika ili amsikie. Kazi zake ni mirathi, viwanja na viapo. Ofisi ni vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Chumba cha mbele ni cha shangazi yake, karani mwenye miaka sitini na sita, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mhuri. Shangazi ana utaratibu wake: hakuna mteja anayetia sahihi kabla hajasomewa hati yote kwa sauti, neno kwa neno, hata awe profesa. Akimaliza huuliza maswali mawili, yaleyale siku zote, ndipo hutoa kalamu.

Mwaka huu wateja walianza kupungua. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa ofisi ya mawakili wanane, yenye lifti. Mwezi wa tatu ikaja barua ya kampuni ya bima ya mji mwingine: nafasi ya mwanasheria wa kuajiriwa, ajibu ndani ya siku tisini. Wakili aliifungia kwenye droo, shangazi asijue. Alijipa siku hizo tisini za kuvuta wateja. Wasipokuja, angefunga ofisi na kuhama, na shangazi, aliyemlea tangu darasa la pili, angebaki na mhuri usio na kazi.

Kanuni za mawakili hazikumruhusu kujitangaza kwa mabango wala redioni, kwa hiyo alimtafuta mtaalamu wa masoko, mtu mtanashati ambaye kila sentensi yake ilikuwa na neno "muonekano".

"Hili benchi," alisema siku ya kwanza, "linafanya ofisi ionekane zahanati. Muonekano, wakili! Mteja mkubwa akipita anadhani mnachoma sindano."

"Na tunachoma," shangazi akajibu bila kuinua macho. "Tena bila spiriti."

Benchi likahamia kwa fundi cherehani. Mlango wa mbao ukapisha mlango wa kioo cheusi, wenye maandishi ya fedha: Kwa Miadi. Tovuti nayo ikatengenezwa, yenye picha ya wakili amekunja mikono mbele ya vitabu ambavyo si vyake. Shangazi alimpachika mtaalamu jina la Bwana Muonekano, na kila alipokuja alimchemshia chai.

Wateja wakazidi kupungua. Wiki ya tisa aliingia mtu mmoja tu, akauliza kama hapo ndipo wanapouza miwani.

Siku ya themanini na nne, Jumatatu, kifungo cha koti la wakili kilikatika. Akaenda kwa fundi, akamwachia koti, akaketi kwenye benchi lake la zamani kusubiri. Pembeni yake alikuwapo bibi mmoja, amekumbatia mfuko wa plastiki.

"Unasubiri nguo, bibi?"

"Nguo gani, mjukuu wangu. Napumzisha magoti." Akashusha sauti. "Nina karatasi za kiwanja cha marehemu mume wangu. Shemeji zangu wanataka nitie dole gumba. Hapo jirani kuna mama anasomea watu. Mwaka juzi nilikaa kwenye benchi hilihili, lilipokuwa kwake, nikamsikia dirishani. Nikasema, siku yangu ikifika nitakuja kwa huyu. Sasa nimekuja mara tatu. Kile kioo nikikitazama najiona mwenyewe na mfuko wangu. Naona haya, naondoka."

"Si wewe tu, bibi," fundi akasema, uzi mdomoni. "Siku hizi wananiuliza mimi sheria. Juzi nimemshauri mtu mambo ya talaka huku nampima kiuno."

"Ukamshauri nini?" wakili akauliza.

"Asubiri suruali iishe kwanza."

Wakili alicheka. Akainuka, akauchukua ule mfuko.

"Twende, bibi. Huyo mama ni shangazi yangu."

"Na wakili mwenyewe? Nasikia mkali."

"Wakili ni mimi."

Bibi akamkagua kuanzia blauzi mpaka viatu. "Mbona huna koti?"

Shangazi alisoma karatasi zile kwa dakika hamsini. Ukurasa wa tatu ulisema bibi anawapa shemeji zake kiwanja chote. Bibi akaomba asomewe tena ukurasa huo, kisha akakunja dole gumba ndani ya ngumi. Wakili akafungua jalada jipya.

Jioni ile yeye na fundi walilirudisha benchi. Shangazi aliyakwangua yale maandishi ya fedha kwa wembe, na mlango wa kioo ukaachwa wazi, umezuiwa na jiwe. Kufikia Ijumaa walikuwa wameketi pale watu kumi na wawili: wanne wanapumzika, mmoja anasubiri suruali. Saba waliingia ndani, zaidi ya waliofika miezi miwili iliyopita. Wa saba alikuwa Bwana Muonekano, na mkataba wake wa nyumba.

Alipoondoka, wakili alimwekea shangazi karatasi moja mezani.

"Nisomee."

Shangazi akavaa miwani. "Nashukuru kwa nafasi ya kazi mliyoniandikia mwezi wa tatu..." Akarudi mwanzo wa mstari, akausoma tena, taratibu. "...Nasikitika kwamba sitaweza kuipokea, kwa kuwa ofisi yangu bado ina kazi."

Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaendelea kuifuta.

"Kumbe ndicho kilichokuwa kwenye droo?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nami nikadhani unanificha biskuti." Akaivaa tena miwani, akaketi wima. "Umeelewa yote yaliyoandikwa humu?"

"Nimeelewa."

"Na unatia sahihi kwa hiari yako, bila kushurutishwa na mtu?"

"Kwa hiari yangu."

Shangazi akampa kalamu.