Siku Moshi Ulipokataa Kupanda

Nakumbuka siku moja ya baridi ya Julai, hapa hapa Kanja, nikiwa bibi harusi wa juzi tu. Mahindi ya nyumba nzima, chakula chetu cha mwaka, yalikuwa uani juu ya turubai, na ukungu ukashuka. Shemeji yangu Ireri, mtu wa haraka hata akinywa chai ya moto, alitenga fungu lake akalifunika kwa nailoni.

Mama mkwe wangu alitoka jikoni, akainua ukingo wa nailoni ile. Upande wa ndani ulikuwa umejaa matone.

"Ireri, hii mahindi umefunika ama unapika?" aliuliza. "Iko na jasho. Jasho ikikosa pa kwenda, inarudi kwa mahindi."

Kisha akatuonyesha moshi wa jiko lake. Ulipanda mpaka vilele vya miti ya mukima, ukalala hapo, ukatambaa pembeni. Alisema bonde letu nalo limefunikwa: hewa baridi imelala chini, yenye joto imeikalia juu, na unyevu wa shamba hauna njia. Jua likishapasha udongo, hewa ya chini itapanda na unyevu wake, ikawe mawingu kule mlimani. Hapo moshi utapita miti, nasi tutaanika.

Ireri alicheka, akatia mahindi yake guniani, akashona. Sisi tuliyatandaza yetu ghalani, tukawa tunayageuza. Sikupenda kungoja, nakwambia kweli. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Moshi ulipopita miti, tukayatoa juani yakakauka.

Gunia la Ireri lilipofunguliwa, mahindi yalikuwa yameota kuvu ya kijani. Aliukimbia ukungu wa nje, akaufungia ukungu mwingine ndani. Yalizikwa shimoni, hata kuku hawakupewa. Mwaka ule Ireri na wanawe walikula kwetu, na mama mkwe alimpakulia yeye kwanza. Gunia hakulitaja hata siku moja.

Sasa wewe, mwanangu, simu imekwambia leo kuna jua, na tayari umeshika sindano ya gunia. Simu haijui bonde hili. Toka nje utazame moshi. Kama moshi bado umelala mitini, ngoja. Chenye maji ndani kipe njia ya kuyatoa kabla hujakifunga. Na akija mwenye gunia lililooza, mpakulie, usimuulize.

Moshi wa jiko lako na upande, mwanangu, na Mungu aibariki sufuria iliyo chini yake.