Aliyewalea Achoque Hafai Kuajiriwa

Chuo kikuu mjini Morelia, Meksiko, bado kimya asubuhi hii. Dkt. Eréndira Tzintzun anakatakata minyoo kwa wembe. Ndani ya matangi ya kioo achoque wanamngoja: viumbe wa Ziwa Pátzcuaro, mfano wa mijusi, wenye matamvua yaliyotanda shingoni kama manyoya. Ziwani wamekaribia kwisha.

Anachunguza jinsi wanavyoota mguu mpya mmoja ukikatika. Wakifa, utafiti wake nao umekufa.

Halipwi hata peso moja. Posho yake ya masomo ilikatwa Januari, alipotunukiwa shahada ya uzamivu. Tangu hapo anaishi kwa corunda, mikate midogo ya mahindi ya kupikwa kwa mvuke ambayo mama yake, Doña Tomasa, huuza sokoni.

“Profesa anayesimamia maabara hii aliniambia, ‘Binti yangu, wewe ni wa nyumbani. Vumilia, nafasi ya mtafiti inakuja,’” anasema Eréndira. “Sisi watu wa maabara tuna ujinga huo. Tunadhani anayelisha wanyama ndiye atakayeajiriwa.”

Nafasi ilikuja Agosti, pamoja na sharti: mwombaji asiwe amesomea uzamivu chuoni hapo. Eti wanasayansi wa vyuo mbalimbali wachanganyike. Hivyo aliyewalea achoque miaka sita hafai, kwa kosa la kuwalea hapo. Sharti hilo si jipya. Profesa alilijua siku zote alizokuwa akimwita binti yake.

“Mijusi ya chuo inashiba, mwanangu anakula nilichokosa kuuza,” anasema Doña Tomasa. “Na wao ndio wasomi!”

Wiki iliyopita aliyepata nafasi, Dkt. Fausto Arrieta kutoka mji mkuu, alibisha hodi maabarani.

“Samahani, Daktari. Profesa kasema utanionyesha kuwalisha.”

“Kasema hivyo?”

“Kasema wewe ni wa nyumbani.”

“Wa nyumbani hula, ndugu yangu. Mimi nimekula nini hapa?”

Fausto akatazama viatu vyake. “Sikujua kama ulikuwa hulipwi.”

“Ungejuaje? Nawa mikono. Sabuni acha, itawaua.”

Amemfundisha wiki nzima, kwa sababu wanyama hawakuandika sharti lolote. Leo ni siku ya mwisho. Aliomba apewe achoque wawili aendelee nao kwingine. Akajibiwa kuwa ni mali ya chuo.

Tangi la mwisho limekwisha kulishwa. Anamkabidhi Fausto ufunguo. Mlangoni wanapishana na Profesa.

“Binti yangu, na Jumapili nani atalisha?”

“Muulize mwenye mshahara, Profesa.”

Jumatatu Eréndira anasafiri kwenda Xalapa, ambako chuo kingine kilichotafuta mtafiti wa vyura na jamii yao kimemchukua. Ataanza upya, na wanyama asiowajua. Doña Tomasa amekwisha kumfungia corunda za njiani.

“Huko hakuna atakayeniita binti yake,” anasema Eréndira, akifuta wembe alioondoka nao. “Nadhani ndiyo maana watanilipa.”