Nilivyodai Kibali cha Korti Mlangoni Pangu

Mungu awabariki wale polisi wawili waliokuja kwangu Ndabibi, maana hata wangenikasirikia nisingewalaumu. Kanisani tulikuwa tumefundishwa kwamba polisi wakija kupekua nyumba, uulize vitambulisho na kibali cha korti, na uite shahidi. Basi walipobisha asubuhi, hata salamu sikungoja. Nilipiga nduru, majirani wakafika mbio na marungu.

“Bila kibali hamkanyagi hapa!” nikafoka, mikono kiunoni.

Mkubwa wao akanionyesha kitambulisho, akitabasamu. “Uko na haki ya kuuliza, mathe. Lakini hatukuja kupekua.”

Akavuta kamba, na ng'ombe wangu, yule niliyeripoti kwamba ameibwa, akatokea nyuma ya ua.

“Na kwa vile mashahidi wamefika, huyu unamjua?”