Mpaka Mitihani Iishe

Kwetu Mbaha, kijiji cha ziwani, mtu aliye kwenye mtihani haambiwi habari mbaya. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, ila sijaona familia iliyoivunja, iwe ya Kianglikana au ya Kikatoliki. Nilipokuwa kidato cha nne, shule ya bweni kule juu milimani, bibi mzaa baba alifariki siku ya karatasi ya Hisabati. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo msemaji wa nyumba yetu alikuwa baba mdogo, na yeye ndiye aliyekuja kunichukua baada ya karatasi ya mwisho. Alinipa mfuko wa usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, akaningoja nile mpaka nimalize. Kisha akasema, "Bibi yako tulishamzika." Nililia sana, lakini sikumlaumu. Mtihani una siku yake ya kuisha, na msiba unaweza kungoja.

Sheria hiyo ndiyo iliyofanya mama yangu augue karibu mwaka mzima bila mimi kujua, mimi niliyekuwa nasomea udaktari. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kuandika habari za ratiba za chuo. Ingawa ratiba nayo imo, tena ndiyo iliyoharibu kila kitu.

Chuoni kwetu tulikuwa tukifanya mtihani mmoja mkubwa mwisho wa mwaka, masomo yote, wiki mbili mfululizo. Ukianguka somo unapata sapu, yaani wenzako wanakwenda likizo wewe unabaki kurudia. Ukianguka mengi unadisko, unafungasha godoro lako unarudi kwenu. Na juu kabisa kulikuwa na heshima. Hilo ndilo daraja la wachache, majina yanayobandikwa peke yake kwenye ubao wa matangazo, na wenye heshima ndio waliotangulia kuchaguliwa kusomea ubingwa. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilimweleza mama, naye akaenda kuwaeleza wanawake wenzake wanaoanika usipa ufukweni, na kuanzia hapo ikawa si yangu tena, ikawa ya kijiji.

Mwaka wa tatu mwenzetu mmoja aliingia chumba cha mtihani, akaandika jina lake, akaweka kalamu chini na kutoka. Hakurudi tena chuoni. Tulikasirika. Mimi nilikuwa kiongozi wa darasa, na mdomo ninao, kwa hiyo nikawaongoza wenzangu kwenda kwa wakubwa. Tukaomba mtihani mkubwa ufutwe, tupimwe kidogo kidogo, jaribio moja kila baada ya wiki tatu, na heshima itolewe kwa wastani wa majaribio yote ili siku moja mbaya isimmalize mtu. Ili wavivu wasijifanye wagonjwa, tukapendekeza wenyewe kwamba atakayekosa jaribio kwa ruhusa atalifanya baadaye, lakini atahesabiwa kufaulu tu. Heshima ataisahau. Wakubwa, kwa mshangao wetu, walikubali yote. Tulisema heri nusu shari kuliko shari kamili, tukanunua soda tukashangilia.

Mwaka wa nne ukaanza na ratiba mpya. Jumapili moja baba mdogo akapiga simu baada ya ibada.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mitihani inaisha lini?"

"Siku hizi haiishi, baba. Tumebadilisha. Ni kidogo kidogo mwaka mzima. Ijumaa hii nina mmoja."

"Basi soma. Mungu akusaidie."

Alipiga tena mwezi uliofuata, akauliza vilevile, nikamjibu vilevile, tena kwa majivuno, maana nilijiona mwanamapinduzi. Wakati huo mama alikuwa ameshaacha kula ugali wa muhogo. Ulikuwa unamkwama kifuani. Kijiji kizima kilijua. Kanisani walikuwa wanamwombea kwa jina, na wavuvi walikuwa wanamletea samaki wa mchuzi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini maradhi ya mama hayakufichwa. Daktari peke yake ndiye aliyefichwa.

Kisha akapiga mama mwenyewe. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo, nikamuuliza, akasema ni mafua ya upepo wa ziwani. Akasema kuna mama mmoja pale kijijini anaumwa, wanataka kujua ni ugonjwa gani.

"Anajisikiaje?"

"Chakula hakishuki. Alianza kukwamwa na ugali, sasa hata uji anaumeza kwa shida. Amekonda, nguo zote zinampwaya."

Nilikuwa nimetoka kusoma habari hizo hizo jioni ile, kwa ajili ya jaribio. Nikakaa vizuri kitandani, nikamjibu kama ninayemjibu mtahini. Nikasema karibu hakika ni saratani ya mrija wa chakula, huku kwetu ipo sana, na wengi huja hospitali wakiwa wamechelewa. Akauliza kama inapona. Nikasema ni kwa nadra, lakini wanaweza kumwekea mpira ndani ili uji upite, na dawa za maumivu zipo, asikubali kuteseka bure. Akauliza huyo mama ana muda gani. Nikataja miezi, na nikaitaja michache.

"Hayo ndiyo watakayokuuliza Ijumaa?"

"Huenda, mama."

"Basi umefaulu," akasema, akanitakia usiku mwema.

Nilijibu vizuri. Hata leo nikiwa na wagonjwa wangu mwenyewe sijawahi kueleza ugonjwa ule kwa ufasaha kama nilivyoueleza siku ile. Na hilo ndilo linaloniuma, kwamba mama yangu alipata habari ya kifo chake kutoka kwangu, kwa sauti ya kijana mwenye furaha, na mimi nikaenda kulala.

Aliyeivunja sheria ni mdogo wangu wa kike, aliyekuwa akimuuguza. Aliniandikia ujumbe: "Kaka, nimechoka kuambiwa ningoje. Mama hamezi hata maji. Kama una mtihani ufanye, ila ukimaliza hutamkuta." Nilikuwa kwenye foleni ya chakula. Nakumbuka nilimpa sahani yangu mtu wa nyuma yangu.

Ofisi ya mitihani walinipa ruhusa siku hiyo hiyo. Mama aliyenihudumia alinipa pole, kisha akanikumbusha kwamba jaribio la Jumatano nitalifanya nikirudi, lakini heshima ndiyo basi. "Ni kanuni mliyoileta nyinyi wenyewe, mwanangu," akasema, na wala hakusema kwa ubaya.

Nilipanda basi mpaka Songea, nikapanda jingine, nikamalizia kwa bodaboda kuteremka ziwani. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani. Mtu niliyemwacha ana mwili wake alikuwa amebaki macho na mifupa ya mabega. Nilimwamkia, nikamshika mkono, kisha nikatoka nyuma ya nyumba nikamfokea baba mdogo, mzee wangu, mbele ya watu. Nilimwambia amemuua. Nilimwambia kuna hospitali, kuna mimi, kuna simu. Aliniacha mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kila nilipokuuliza mitihani inaisha lini, ulisema haiishi," akasema. "Sasa ningekuambia lini?"

Akaongeza kwamba hospitali walikwenda, kule Mbinga na Songea, nikiwa katika majaribio yangu, na walichoambiwa huko kilikuwa kile kile nilichomwambia mama kwenye simu.

Mama aliniita. Alizungumza kwa kunong'ona, na kila sentensi ilimchosha. Kwanza alinishukuru. Alisema nilimweleza vizuri kuliko wote, na kwamba baada ya kuelewa hakuogopa sana. Kisha akauliza jaribio ni lini. Nilikuwa mjinga, nikasema Jumatano.

"Basi kesho uondoke."

"Mama, siendi popote."

"Sitaki niende kaburini na heshima yako," akasema, akaanza kulia, na kulia kwenyewe kukamletea kikohozi kilichotutia hofu wote. Alikataa hata kulowanishwa midomo mpaka nikubali. Baba mdogo akamuunga mkono, akaanza kutafuta mtu wa kunipeleka Mbinga alfajiri. Mdogo wangu alinitazama kwa macho ya kusihi, maana ni yeye aliyeniita.

Nikachukua simu, nikatoka hadi barabarani ambako mtandao hushika, nikasimama pale bila kumpigia mtu yeyote. Niliporudi nilisema walimu wangu wamekubali kulisogeza jaribio mbele kwa ajili yangu, na kwamba sitapoteza hata alama moja. Baba mdogo alinitazama kwa muda. Alijua, nina hakika alijua, ndiye mzoefu wa mambo hayo pale nyumbani. "Ehee," akasema. "Chuo chenu kizuri." Mama akafumba macho, akakubali kijiko cha maji, ingawa kilirudi chote.

Jumatano asubuhi, saa wenzangu walipokuwa wakiingia chumba cha mtihani, mama alisema anataka kusali. Tukamzunguka barazani. Sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa, kwa hiyo mdogo wangu aliinama akaweka sikio mdomoni mwake na kuturudishia maneno. Alimshukuru Mungu kwa watoto wake. Alimshukuru kwa shemeji yake aliyemtunza. Kisha akawaombea walimu wangu maisha marefu, kwa kuwa ni watu wenye huruma, na kwa kuwa walikubali kungoja. Baba mdogo akaitikia amina, mdogo wangu akaitikia, na mama akawa ananitazama, anasubiri ya kwangu. Nikaitikia.